Aliyefunga Mafundo Ndiye Afunguaye

Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenye matumbo kaeni vizuri, sogezaneni, asiwepo wa kusimama, maana nina maneno mengi na leo siondoki mpaka yaishe. Nesi Rehema amenipa nusu saa kabla hajaanza kupima. Nusu saa inanitosha. Maneno haya nimekaa nayo miaka minne.

Jina langu Mwanaidi. Nimetoka Sofu, Kibaha mjini, ndiko ninakoishi na ndiko ninakosuka nywele. Lakini hapa Mzenga wengi mnanijua, mimi ni mke wa Shabani. Mama mkwe wangu ni Bi Mwamvua, yule pale benchi la pili, mwenye kanga ya zambarau. Shikamoo, mama. Pembeni yake ni wifi yangu Zuhura, mimba ya miezi sita. Wamekuja kliniki kama ninyi nyote. Hawakujua kwamba msemaji wa leo ni mimi, na mimi ndiye niliyemwomba nesi asiwaambie.

Nisiwadanganye watu asubuhi yote hii. Kuna wanaotoa ushuhuda wakasema wamesamehe, moyo umekuwa mweupe. Wangu bado. Nimekuja kusema nilivyougua, nilivyopona, na nani aliyenifikisha kule, mbele za watu, na yeye akiwa amekaa anasikia. Mama, usinyanyuke. Mlango mwembamba na Mama Asha amekaa njiani.

Yule mtoto anayecheza na kandambili zenu pale mlangoni ni Dija, mwanangu wa tatu. Njoo, Dija. Waangalie mama zako. Mmeona jicho la kushoto, lile doa jeupe? Basi. Rudi kacheze, mama.

Sasa nianze mwanzo. Kabla ya haya nilikuwa mwanamke wa kujisifia. Nilikuwa nasuka vichwa vitano kwa siku, mdomo haufungwi na mkono haukosei. Mtindo wa twende kilioni naumaliza saa moja tu. Jua likizama naendelea, taa ya barazani inanitosha. Macho yangu yalikuwa ya kuona yai la chawa kwenye utosi wa mtoto. Hapo penye macho mpakumbuke.

Nilikuwa na watoto wawili, Juma na Idi. Idi hajatimiza mwaka, bado ananyonya, nikashika mimba nyingine. Mnacheka nini? Kwani ninyi mnazipata sokoni? Mume wangu ni fundi ujenzi, akawa amepata kazi ya miezi mingi Dodoma. Akaniambia, "Mke wangu, na mimba hiyo na watoto wawili wadogo utajichosha bure. Nenda kwa mama Mzenga, atakulea." Mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, tumemzika Gwata. Angekuwepo, nisingekanyaga kwa mtu. Nikafunga mizigo yangu nikaja.

Sitamnyima haki yake, Bi Mwamvua alinipokea kwa vigelegele. Alinipa kitanda kizuri, neti nzuri. Neno la kwanza la kuniuma lilikuwa la Idi. Alimbeba, akampima kwa mkono, akasema, "Mwepesi huyu. Umembemenda mjukuu wangu." Mkwe ni mkwe. Nikasema moyoni, kweli nimebeba mimba juu ya ziwa, kosa ni langu, acha niadhibiwe. Na mtu akishakubali kwamba ana kosa, mwenzangu, atakubali lolote utakalomwambia.

Siku ya tatu akatoa uzi mweusi.

Huo uzi ndio mwanzo wa ugonjwa wangu. Kwao, mwanamke mwenye mimba anafungwa uzi mkono wa kushoto, na kila chakula anachokatazwa kinapigiwa fundo. Alinipigia mafundo matano. La kwanza mayai, mtoto asije akazaliwa kipara. La pili maini, mtoto asije akatoka na mabaka. La tatu nazi na mafuta ya kila aina, mtoto asije akanenepa tumboni nikashindwa kumtoa. La nne papai, mimba isije ikaharibika. La tano dagaa na samaki, mtoto asije akawa wa kutoa udenda mpaka anakwenda shule. Akamaliza kufunga, akanishika mkono akanitazama usoni. "Mwanaidi, aliyefunga ndiye afunguaye. Ukikata huu uzi, au ukafungua mwenyewe, mtoto utamzika."

Mtaniuliza, wewe msusi wa mjini, mwenye simu, ulikubali? Nilikubali. Niliogopa. Tena lile la kipara ndilo lililonikamata vizuri, maana aliniambia, "We mwenyewe msusi, watu watakucheka." Nikampigia simu Shabani. Akasema, "Msikilize mama, yeye kazaa saba." Basi, nikamsikiliza.

Nikala bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, bada na kisamvu, asubuhi na jioni. Kisamvu chenyewe chukuchuku, maji na chumvi. Kisamvu bila nazi jamani! Ng'ombe anakula vizuri zaidi. Na kazi niliyopewa pale nyumbani mnaijua ilikuwa ipi? Kuku. Bi Mwamvua alikuwa na kuku kumi na wawili. Mimi ndiye niliyewafungulia asubuhi, mimi niliyeinama na tumbo langu kuokota mayai, bado ya moto, nikayapeleka kwake mkononi. Ijumaa akila chai na mayai mawili. Zuhura naye mawili, yeye alikuwa bado hajaolewa, mafundo hayamhusu. Mimi nakaa kwenye mkeka pembeni nanusa. Nilikuwa naota mayai. Wallahi, mtu mzima naota yai.

Mwezi wa tano wa mimba nikaumwa malaria. Nikapona, ikarudi. Tumbo nalo likawa na minyoo, ulimi ukawa mweupe, viganja vyeupe, nikipanda ngazi moja ya mlango moyo unadunda. Ngozi ya mikono ikawa kavu ya kukwaruza. Kisha macho. Yalianza kwa kuwasha, kama yameingia mchanga, nikiyapikicha hayatoi chozi. Nikadhani moshi wa jikoni.

Halafu ikafika jioni moja, adhana ya magharibi inaadhiniwa, nimetoka kuanua nguo. Ghafla uwanja ukapotea. Wenzangu wanatembea, nawasikia, hata jua lilikuwa halijamaliza kuzama. Mimi sioni kitu. Nikanyoosha mikono mbele, nikagonga kinu kwa goti. Nikasema labda kizunguzungu. Kesho yake saa ileile, tena. Mchana naona, kiza kikianza tu nakuwa kipofu. Siku nyingine nilimkanyaga Idi vidole alikuwa anatambaa, akalia mpaka akakata pumzi. Siku nyingine niliingiza mguu kwenye sufuria ya bada ikiwa imetoka motoni. Kovu ni hili hapa, juu ya vidole. Ngozi ilitoka yote, nikakaa siku tisa siwezi kuvaa kandambili.

Zuhura alicheka. Ndiyo, wifi, ulicheka, usiangalie chini. Kuku nao jioni hawaoni, si mnajua? Basi kila magharibi nikianza kupapasa ukuta, Zuhura anapiga kelele kutoka jikoni, "Kuku keshaingia bandani!" Na majirani wanacheka. Nikaitwa Kuku, mimi mke wa mtu na watoto wawili. Nilikuwa nacheka nao, halafu naingia ndani nauma kanga.

Nikamwambia mama, sioni jioni. Akasema, "Mimba hiyo. Hata mimi nilipata ya Shabani. Ukizaa utaona." Alikuwa anajua! Alikuwa anaujua ugonjwa, uliwahi kumpata mwenyewe, akauita mimba.

Nilifika hapa kliniki mara ya kwanza mimba ina miezi saba. Nilikaa kitini pale, Bi Mwamvua pembeni yangu, kama leo alivyokaa na mwanawe. Nesi Rehema akanipima, akatazama mkono. "Uzi wa nini huu?" Nikasema wa mimba. Akauliza, "Unakula nini nyumbani?" Bi Mwamvua akajibu yeye, "Anakula kila kitu." Nesi akaniuliza mimi, si yeye, "Jua likizama, unaona vizuri?"

Nikasema naona.

Neno moja tu hilo. Ningesema sioni, ningepewa dawa siku ileile. Nilimwogopa mtu aliyekaa pembeni yangu kuliko nilivyoogopa upofu. Hilo kosa ni langu peke yangu, simpi mtu, nalibeba mpaka kaburini. Ndiyo maana nawaambia, akiwaulizeni nesi, jibuni wenyewe. Mama mkwe akijibu kwa niaba yako, mwambie nesi amtoe nje.

Dija nilimzaa hapahapa, saa tatu asubuhi, uzazi mwepesi alhamdulillah. Kadogo. Nesi akamweka kifuani, akaniambia, "Mnyonyeshe sasa hivi. Hayo ya njano ndiyo dang'a, usimwage hata tone." Akanyonya. Alivuta mara nne, tano, nilihesabu. Maziwa yalitoka ya njano kama kiini cha yai, ingawa mepesi, na kidogo. Kesho yake tukarudi nyumbani.

Kule nyumbani mama akaniuliza, "Maziwa yana rangi gani?" Nikasema ya njano. Akafunga mlango. "Huo usaha. Mtoto hanyweshwi usaha." Akaleta kifuu cha nazi. Nazi yenyewe nimekatazwa, kifuu ndiyo nimeletewa. Akakaa mbele yangu, akanishika ziwa, akakamua mwenyewe, titi hili, kisha titi hili, mpaka nikalia. Kifuu kikajaa nusu. Akatoka nacho akaenda kumwaga shinani mwa mpapai ule ulioko nyuma ya jiko. Siku tatu. Mwanangu analia njaa, anapewa maji ya sukari kwa kijiko. Matiti yakajaa yakawa magumu kama mawe, nikapata homa ya kutetemeka, chuchu ya kushoto ikapasuka. Siku ya nne maziwa yakawa meupe. Hapo ndipo akakaa na mkono wangu mapajani pake akafungua mafundo, moja moja, huku anaomba dua. Na mpapai ule ulizaa mwaka ule kuliko yote!

Baada ya kuzaa macho yangu yalipata nafuu kidogo, hayakupona. Mtoto ndiye aliyeanza. Akaharisha. Akapona, akaharisha tena. Masikio yakatoa usaha, na huo ulikuwa usaha wa kweli sasa, unanuka, unalowesha shuka. Kifua kikabana mara mbili. Kila mtoto hapa mtaani anaumwa anapona, wangu anaumwa anaunganisha. Miezi minane, hajafikia umri wa chanjo ya surua, surua ikapita. Ikampitia naye. Vipele vilipoisha, tukasema afadhali. Basi jicho likakataa kufunguka.

Nikimpeleka penye mwanga analia anajificha kwapani mwangu. Nikamfungua kwa vidole. Mboni ya kushoto ilikuwa kavu, haing'ai, na katikati kuna doa kama ukoko wa wali. Nikamwonyesha Bi Mwamvua. Akasema, "Jicho la watu hilo, husuda. Tungoje Ijumaa tumsomee." Ilikuwa Jumatatu.

Sikungoja Ijumaa. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimfunga Dija mgongoni, nikamwachia jirani Juma na Idi, nikapanda bodaboda mpaka Mlandizi, nikaunga gari mpaka hospitali Kibaha. Shabani nilimwambia nikiwa nimeshafika.

Daktari alikuwa dada mfupi, sauti ya chini. Alimwangalia Dija jicho, akampa matone ya vitamini A mdomoni palepale kabla hata hajamaliza kuandika, na kesho yake tena. Akampaka dawa, akatulaza. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, jioni unaona?" Safari hii nikasema, "Sioni, daktari. Sioni tangu mimba." Nikalia mbele yake makamasi yanatoka.

Aliniuliza maswali mengi. Umezaa mara ngapi? Wamepishana miezi mingapi? Ulikuwa unanyonyesha mimba ilipoingia? Malaria? Minyoo? Ulikuwa unakula nini, na mafuta je? Nikamjibu yote, nikamwonyesha na mahali uzi ulipokuwa. Akasema, "Dada, mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini A. Akiba yake inatoka kwenye maziwa, hasa yale ya kwanza ya njano. Na maziwa yanachota kwa mama. Mama akizaa karibu karibu ghala linakuwa halijajaa. Akiumwa linapungua. Akila majani bila mafuta, mwili hauyapati vizuri yale yaliyomo kwenye majani. Wewe yote yamekukuta pamoja. Dang'a yako huenda haikuwa nzito."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hata kama nisingeyamwaga?"

Akasema, "Hata hayo machache yalikuwa ya kwake. Na yana kinga nyingine nyingi." Akasema pia, "Siwezi kukwambia jicho ni kwa sababu ya kitu kimoja. Kuna surua, kuna kuharisha. Sababu huwa nyingi." Namheshimu daktari, amesoma. Lakini mimi nilikiona kifuu, yeye hakukiona.

Tulilazwa wiki mbili na siku mbili. Jicho la kulia likaokolewa. La kushoto likabaki na kovu, linajua mchana na usiku tu, basi. Na mimi nikatibiwa minyoo, nikapewa vitamini kwa dozi ndogo ndogo, nikala. Nilikula kwa hasira. Mchicha na mafuta, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, dagaa, papai bivu, na yai kila siku. Yai la kwanza nililimenya taratibu nikalitazama. Nikasema, wewe mdudu mdogo hivi ndiyo uliniliza?

Tulikuwa bado wodini, jioni, magharibi ndiyo inaingia, taa hazijawashwa. Nimempakata Dija kibarazani. Nikashangaa naona mstari wa utosi wake. Nikaugawa kwa ukucha, nikauona umenyooka. Nikamsuka kamstari kamoja, ka nywele fupi zile za mtoto, mpaka mwisho, bila kupapasa. Mama mmoja kitanda cha jirani akaniuliza, "Mbona unalia na unasuka?" Nikamwambia, mwache mtu alie, dada, naona.

Sikurudi Mzenga. Shabani aliposhuka kutoka Dodoma akaona jicho la mwanawe, alikaa chini kwenye mchanga. Nikamwambia, "Mama yako ni mama yako, utamhudumia. Lakini mimi na wanangu hatulali tena chini ya paa lake." Hakubisha.

Na hapo ndipo kisasi kikaanza, msione haya kunisikia. Sikukuu ya Idi iliyofuata nilikuja hapa na vitana vyangu, nikakaa kwa jirani, nikasuka bure kila mwanamke wa mtaa ule. Vichwa ishirini na kitu. Viwili nikaviruka. Bi Mwamvua alipita barabarani mara tatu na mtandio wake, nami namwamkia, "Shikamoo mama!" kwa sauti kubwa, halafu narudi kwenye kichwa cha jirani. Dada zangu, ilinipa raha! Lakini raha yenyewe ya siku moja. Nikirudi nyumbani jicho liko palepale.

Na huyu mgongoni ni Mwajuma, ana miezi mitano. Nilipumzika miaka mitatu ndiyo nikambeba. Yai kila siku, nazi kwenye kila mboga, kliniki tangu mwezi wa tatu. Dang'a alinyonya mpaka akasinzia. Mama Asha, mshike kichwa. Umeziona nywele? Mpitishe, wapitishieni wote washike. Nawe mama, mshike mjukuu wako. Kipara kiko wapi?

Sasa nifike kwenye lililonileta.

Mwezi uliopita nilikuja kwenye arobaini ya mzee wetu mmoja hapa. Magharibi watu wanajiandaa kuswali, nikamwona Zuhura anatoka jikoni. Mkono mmoja ukutani. Mguu anautanguliza kwanza, anaujaribu, ndiyo anakanyaga. Nilijua palepale. Nikatazama mkono wa kushoto, nikaona uzi mweusi, mafundo matano. Kumbe Bi Mwamvua hata mwanawe wa kumzaa amemfunga. Siku zote nilidhani alinifanyia mimi kwa sababu mimi ni wa kuja. La, alikuwa anaamini.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka mwili ukanisisimka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, "Kuku keshaingia bandani." Sikulisema. Nikasema moyoni, nyamaza, Mwanaidi, usiseme lolote, acha naye alione. Nikarudi Sofu na siri yangu. Nikanyamaza wiki mbili. Zuhura, unanisikia. Wiki mbili nilijua na nikakunyamazia, na hilo nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Mengine sikuombi.

Kilichonivunja ni mchezo tu. Dija anacheza kujificha na watoto wa jirani, zamu yake kuhesabu. Wenzake wakapiga kelele, "Anachungulia! Amefumba jicho moja!" Nikatoka barazani. Kweli, amesimama kwenye nguzo, amefunika jicho la kulia kwa kiganja, la kushoto liko wazi. Akawajibu hata hakukasirika, "Hili sina haja ya kulifumba." Akaendelea kuhesabu.

Nikaingia ndani nikampigia simu Nesi Rehema. Kwa sababu nilifahamu pale kwamba nikinyamaza, atakayelipa si Mwamvua, ni mtoto aliye tumboni ambaye hajanicheka wala kunikamua. Kisasi changu nakitaka, lakini nakitaka kwa mwenyewe.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari mfupi, namshukuru Nesi Rehema aliyeniuliza swali ambalo nilimjibu uongo, na bado leo kanifungulia mlango. Na ninyi niwaachie machache. Kuleni mayai. Kisamvu kitieni nazi. Maini kipande kidogo kinatosha, msiyafanye chakula cha kila siku, na vidonge vya vitamini A msijinunulie wenyewe mkiwa na mimba, vikizidi vinamdhuru mtoto, ngojeni nesi. Pishanisheni watoto. Laleni ndani ya neti. Dang'a ni ya mtoto, atakayekuletea kifuu mpige nacho. Na jioni ukianza kupapasa ukuta, usicheke na wanaokucheka, njoo hapa.

Zuhura, nesi anakuuliza na mimi namsaidia kuuliza. Jua likizama, unaona? Usimtazame mama. Nitazame mimi.

Semeni mmesikia? Amesema haoni.

Haya, nyoosha mkono wa kushoto, wifi. Nesi ana mkasi pale mezani, angeukata uzi huu sasa hivi. Lakini najua hofu ya uzi huu, nililala nayo, ukikatwa Zuhura hatapata usingizi mpaka azae. Kwa hiyo mama, simama. Ulifunga wewe, utafungua wewe, hapahapa, moja moja, na kila fundo ulitaje jina lake watu wasikie.

Unasemaje? Uzi mwembamba, huuoni vizuri? Sogea basi mlangoni penye mwanga. Dija, mpishe bibi yako. Nikusaidie? Hapana, mama. Aliyefunga ndiye afunguaye, ulinifundisha mwenyewe. Usiwe na haraka, tutakungoja hata mpaka adhuhuri.

Hilo la kwanza ni la mayai. Ukilimaliza, yai lake hili hapa, nimeshalimenya. Umlishe kwa mkono wako.